Mwisho 1.05

Jumatano, 2 Julai

Nyumba ya mzee wa Kibamba nimemaliza kuichora kwenye kompyuta. Picha sita, dakika ishirini na mbili kila moja. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwaga inakula nusu siku kwa picha moja, halafu ukuta unatoka na madoadoa. Wateja wa siku hizi hawachimbi hata msingi kabla hawajaona jua litaingiaje sebuleni. Sasa wanaona.

Mashine si yangu. Ni ya Kulwa, mtani wangu Mnyamwezi. Kaenda Tabora kumuuguza mama yake, aliyeteleza kisimani akavunjika nyonga. Aliipakata kwenye bajaji toka Kimara mpaka huku Goba, hakukubali hata dereva amshikie. Kaijenga mwenyewe. Kadi ya grafiki inapozwa na maji: kuna pampu, rejeta, mipira myembamba, na ndani yake maji ya betri, yale yale ya kununua sheli. Miaka mitatu watu wanamcheka, nani anaweka maji ndani ya kompyuta. Sasa kuna studio moja ya katuni Mbweni wamemwita. Tarehe nne Agosti anawapelekea mashine hii waione. Wakiipenda, anawajengea kumi.

Ubavuni kabandika utepe wa karatasi, kaandika kwa kalamu nene: MWISHO 1.05. MZARAMO USIGUSE. Hizo ni volti. Kadi haitakiwi kulishwa zaidi ya hapo. Mpagazi huyu ana mdomo mchafu.


Jumamosi, 5 Julai

Nimekwenda Temeke kumwona Bibi. Miguu imevimba, ila ulimi mzima. Kitu cha kwanza kuuliza: mume wangu Mnyamwezi yuko wapi? Nikamwambia kaenda kwao. Akasema mwambie asikae sana, nikifa lazima aje azuie jeneza langu mpaka mumlipe utani wake, nisipite bure kama kuku.

Bibi anampenda Kulwa kuliko anavyonipenda mie. Akifika tu anaanza: bibi, bado upo, nilishakuja na sururu. Bibi anacheka mpaka anakohoa. Ndio watani hao. Sie Wazaramo wanatuambia tunajua ngoma tu. Sie tunawaambia mizigo ya babu zao wapagazi bado iko pwani inawasubiri waje waibebe. Hakuna anayenuna. Ukinuna, umeharibu.

Jioni nimeingia kwenye grupu la ovaklok. Watu wanashindana kuzipandisha kadi zao spidi na kuweka alama. Mie nilikuwa wa kumi na moja, na volti 1.05 ya Kulwa. Yupo mmoja anajiita Bwana Barafu, wa kwanza tangu mwezi wa nne. Kaandika: dada, mashine hizi si za kupambia taa za rangi, rudi kwenye picha zako za sebule. Watu wakaweka vicheko.

Nimezima simu.


Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Majirani wote wamekwenda kwenye maonyesho. Mie nimebaki na mashine.

Nilianza asubuhi, kuna kabaridi. Nikapandisha volti kidogo kidogo. 1.06, haikutikisika. 1.07. 1.08. Kila hatua naangalia joto: digrii arobaini na mbili, arobaini na tatu. Baridi kabisa! Kwa feni za kawaida ingekuwa inakaribia themanini. Nikafika 1.09, ikagoma kupanda tena. Ndio kikomo kilichoandikwa kwenye bayosi, programu ya ndani ya kadi inayoiambia mwisho wake uko wapi.

Nimekuwa wa tatu kwenye grupu.

Kulwa alishaniambia siku anaileta: Tatu... hapana, hakuniita Tatu, huwa haniiti jina langu. Alisema, mcheza mdundiko, maji yanabeba joto, volti hayaibebi. Kadi inaweza kuwa ya baridi na bado unaiua. Nikamwambia Mnyamwezi mwoga wa kila kitu. Joto si hili hapa nalisoma? Arobaini na nne. Ananifundisha mie?


Alhamisi, 10 Julai

Kulwa kapiga simu. Mama yake kashafanyiwa operesheni, anakunywa uji. Alhamdulillah.

Akauliza, Mzaramo, hujaigusa mashine yangu? Nikamwambia nimeigeuza kibao cha kukatia mchicha. Akacheka sana. Nami nikacheka.

Sikudanganya. Sikusema kweli pia. Huo ndio uzuri wa utani, unapita katikati.


Jumamosi, 12 Julai

Nimefanya.

Kuna bayosi nyingine mtandaoni, ya wale wanaozimwagia kadi zao barafu. Inafungua kikomo mpaka 1.2. Nilihifadhi kwanza bayosi ya Kulwa kwenye flashi, mie si mjinga. Halafu nikaiingiza ile ya wendawazimu. Dakika mbili skrini nyeusi. Nilisoma dua zote ninazozijua. Ikawaka.

1.2 kamili. Joto hamsini na moja. Feni zinavuma kama za mashine ya kusaga, lakini hamsini na moja!

Nimekuwa wa kwanza. Nimempita Bwana Barafu. Nikapiga skrinishoti, nikakata ile sehemu inayoonyesha volti, nikaituma. Nikaandika: kutoka sebuleni. Mwenyewe nimejicheka peke yangu chumbani, nikajipigia na vigelegele.

Kisha nikajaribu picha ya kazi, nione faida. Dakika ishirini na moja. Zamani ishirini na mbili.

Dakika moja. Basi.


Jumapili, 13 Julai

Pongezi zinamiminika. Mtu wa Moshi anataka nimfundishe.

Nimeiacha kwenye 1.2. Nina ghorofa la mteja wa Salasala wiki hii, picha kumi na nane, kila dakika inasaidia. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nikifungua na kuiona ile 1.2 roho inatulia. Nitairudisha kabla Kulwa hajaja.


Jumamosi, 19 Julai

Vidoti vya kijani. Vitatu, kona ya juu kulia, vikapotea. Nikasema ni waya. Nikauchomoa na kuuchomeka.

Baada ya adhuhuri vimerudi, vingi, kwenye dari ya ghorofa la Salasala. Halafu kompyuta nzima ikazima.

Joto lilikuwa arobaini na tisa.


Jumapili, 20 Julai

Nimeshusha mpaka 1.15. Inazima. 1.09. Inazima. Nimeshusha na spidi pia. Inakwenda, ila vidoti vipo. Sijala.


Jumatano, 23 Julai

Nimeirudisha bayosi ya Kulwa. Kila kitu kama alivyokiacha: 1.05, spidi yake ile ile. Haimalizi hata picha moja. Spidi aliyoiendesha mwaka mzima bila kukohoa, sasa hivi dakika nne tu inazima.

Nimesoma kila kinachosomeka. Wote wanasema neno moja. Volti ikizidi, kadi inachakaa kwa ndani, njia zake ndogo ndogo zinalika, na zikilika hazirudi. Maji ni ya joto tu. Kama alivyosema. Neno kwa neno kama alivyosema, na mie nikamwita mwoga.

Siku nane nimeilisha 1.2. Kwa ajili ya nani? Mtu nisiyemjua hata sura.

Utepe uko pale pale. Mzaramo usiguse.


Jumamosi, 26 Julai

Kulwa karudi. Kaja moja kwa moja toka stendi, hajafika hata kwake, na chupa ya asali ya kwao. Akasema hii ni ya kulainisha koo, maana mmeimba ngoma mpaka mmekauka. Nikamwambia asante, weka hapo, mpagazi hakosi mzigo. Sauti yangu mwenyewe niliisikia inatoka mbali.

Nilipanga kumwambia. Wallahi nilipanga. Nilikuwa na maneno tayari toka alfajiri. Akaanza kusimulia mama yake anavyotembelea magongo, anavyowagombeza manesi, na Mbweni jinsi walivyompigia tena kuthibitisha. Alikuwa na furaha. Akaishika mashine, akaangalia mipira yote, akapangusa vumbi kwa shati lake. Akasema umenitunzia.

Nikamfungulia geti. Akaipakata kwenye bajaji, wakateremka nayo kilima taratibu.


Jumatatu, 28 Julai

Kapiga asubuhi. Inazima. Vidoti vya kijani. Aliuliza, kwako ilikuwa inafanya hivi?

Nikasema hapana, kwangu ilikuwa nzima.

Nimeandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikusema hivyo. Nilisema. Aliniuliza kwa upole na nikasema.


Jumatano, 30 Julai

Nimekwenda Kimara kwake. Dhamiri ilinipeleka, uoga ukaingia nami ndani.

Kaivua mashine yote, vipande vimelala kwenye mkeka. Kila kiungo cha mpira kakizungushia karatasi ya chooni, ndivyo anavyotafutaga kuvuja: anaiacha usiku na mchana, halafu anashika karatasi moja moja kwa vidole. Zote kavu. Kapima pampu, nzima. Kaangalia bayosi. Ni yake, haijaguswa. Nilimwona anaiangalia na kuiacha. Mie ndiye niliyeirudisha. Nimefuta nyayo zangu vizuri mno.

Basi hakubaki wa kulaumiwa ila yeye. Akasema lazima ni lile bamba la shaba nililolichonga, labda halikai sawa, labda sehemu moja ilikuwa inaungua na kipimajoto hakioni. Akawa analipitisha kidole, anarudia, anarudia. Akasema na mie ndio nataka kuwajengea watu kumi.

Akachukua simu akawapigia Mbweni. Mbele yangu. Mie nimeshika kitambaa na kopo la spiriti. Akawaambia samahani sana, kazi yangu bado haijakomaa, sitaki kuwaharibia mashine zenu, tafuteni mtu mwingine. Aliongea vizuri, kwa heshima, sauti haikutetemeka. Ilikuwa kama dakika mbili.

Dakika mbili, Tatu. Neno moja tu lilitosha, "ngoja". Ningeiangusha hata ile spiriti. Nilisimama na kitambaa.

Alipokata simu akanigeukia akasema nisamehe, nilikuachia mashine mbovu, ingeweza kukuharibia kazi zako.

Mie ndiye wa kuombwa msamaha eti kwa kuachiwa mashine mbovu. Sijui nilifikaje nyumbani.


Ijumaa, 1 Agosti

Bado ni wa kwanza kwenye grupu. Mtu kauliza, dada, ile alama uliipata kwa volti ngapi? Nimefuta picha, nimetoka kwenye grupu.

Asali sijaifungua.


Jumamosi, 2 Agosti

Nimemwambia.

Nimefika Kimara saa tatu asubuhi. Nilibeba flashi niliyoitia ile bayosi ya barafu, maana niliogopa nikifika bila ushahidi nitageuza maneno mlangoni. Nikaiweka juu ya mkeka. Nikasema mie ndiye niliyeiua. Bamba lako halina kosa, mikono yako haina kosa.

Akauliza, ngapi?

Nikasema moja nukta mbili.

Siku ngapi?

Nane.

Hakuuliza kwa nini. Laiti angeuliza, angalau ningetukanwa kwa sababu. Alikaa akaangalia flashi. Mie nikashindwa kuvumilia, nikakimbilia nilikozoea kukimbilia. Nikasema mtani, nitoze. Nitoze mbuzi, nitoze jogoo, nibebeshe mizigo ya babu zako mpaka Tabora.

Akasema, "Hili si la utani, Tatu."

Tatu. Kumbe jina langu analijua.

Akawapigia Mbweni. Nilisikia upande wake tu: aa, sawa, hongereni, hapana bila shida. Wameshapata mtu. Kashaanza kazi jana.

Nikasema nitakununulia kadi. Akasema kadi ni kitu, kadi inapatikana. Halafu akaniambia hili, na nitalibeba: "Siku tano nimekaa naichukia mikono yangu. Wewe ulikuwa unaniangalia."

Alinisindikiza mpaka getini. Ingekuwa afadhali angenifukuza.


Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda Mbweni mwenyewe. Sikumwambia. Nikawaeleza wale wa studio kila kitu, volti, bayosi, siku nane, na kwamba mashine ile ilikufa kwa mkono wangu na si wake. Kijana wa mapokezi akamwita bosi wake, mama mmoja mpole. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema tutamkumbuka siku nyingine. Nimekaa ofisi za watu vya kutosha kujua hiyo maana yake nini.

Nimempelekea Kulwa kadi niliyoinunua, si kali kama yake. Nikamwachia jirani yake. Jioni akatuma ujumbe: nimeipata, asante.

Nilisubiri neno lingine. Hata "mcheza mdundiko" tu. Halikuja.


Jumatano, 13 Agosti

Nimerudia kompyuta yangu ya zamani. Nusu siku kwa picha moja. Nakaa naitazama inavyojikokota. Ile dakika moja niliyoipata wakati ule, nailipia kwa kila kitu.

Shangazi kapiga toka Temeke. Bibi hali chakula.


Jumamosi, 23 Agosti

Bibi amefariki, baada ya swala ya alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nimemtumia Kulwa ujumbe. Nilikaa nao muda mrefu kabla ya kuutuma.


Jumatatu, 25 Agosti

Tumemzika jana, alasiri. Watu walijaa mpaka barabarani.

Kulwa alikuja. Nilimwona anaingia na kanzu imepigwa pasi, nikasema moyoni, sasa hivi ataanza utani. Ndugu zangu wote walimwona, wakaanza kuchangamka, maana wanamjua. Shangazi alishafunga vijinoti kwenye ncha ya khanga, vya kumpa mtani akizuia njia. Bibi mwenyewe aliagiza. Kila mtu pale alijua kwamba aliagiza.

Jeneza likatoka mlangoni. Sie wanawake tulikuwa barazani. Wanaume waliobeba wakapunguza mwendo, kabisa, wakampa nafasi. Hata shehe alisimama kidogo.

Kulwa akasogea pembeni kama watu wengine. Akavua kofia, akaivaa tena. Jeneza likapita. Akaingia nyuma, akapokea bega kwa mtu mmoja, akabeba kimya mpaka walipokata kona.

Shangazi akanigeukia, mtani wenu ana nini leo? Nikasema anaumwa. Vile vijinoti akavifungua, akampa mama ntilie aongeze sukari ya chai.

Baada ya mazishi alikuja barazani kuniaga. Aliacha viatu chini, akapanda, akanipa mkono. Akasema, "Pole sana, dada Tatu. Mungu amlaze mahali pema."

Nikasema, "Asante, kaka Kulwa."